Pikipiki Kuukuu na Hema: Usiihofie Injini

Mtu akileta pikipiki ya zamani karakana na kusema anataka kuipandisha Nyanda za Juu Kusini, huku akilala kwenye hema njiani, swali lake la kwanza karibu kila mara ni kuhusu injini. Itafika? Haitachemka? Abadili pistoni kabisa kabla ya kuondoka? Mimi injini ndiyo naihofia kidogo kuliko vyote. Ikiwaka kwa teke la kwanza au la pili, isipotoa moshi wa bluu wala mlio wa chuma kugonga chuma, itafika Mbeya. Kinachomlaza msafiri pasipotarajiwa ni mpira uliozeeka, waya ulioshika kutu na mzigo uliofungwa ovyo.

Nitaitolea mfano Honda CG125, kwa sababu wengi tunaijua hata kama hatujui kwamba tunaijua. Ilitoka mwaka 1976, na Honda waliibuni kwa ajili ya nchi ambako matengenezo ya mara kwa mara hayakuwa jambo la uhakika. Silinda yake ni moja, inapozwa kwa hewa, na valvu zake husukumwa na fito mbili ndefu badala ya cheni ya ndani. Muundo huo ulinakiliwa China, na leo pikipiki nyingi za bodaboda ni wajukuu zake. Pembeni yake nitaiweka Yamaha DT, ile inayochoma oili pamoja na petroli, ambayo wazee wetu waliizoea kwa mabwana shamba na wamisionari.

Kuna wanaonijibu kwamba pikipiki za zamani zilivuka Sahara, kwa hiyo Iringa ni nini? Ni kweli. Mfaransa Cyril Neveu alishinda mashindano ya kwanza ya Paris–Dakar mwaka 1979 akiwa na Yamaha XT500, akarudia mwaka 1980 kwa pikipiki ya aina hiyohiyo. Lakini XT500 ile ilikuwa mpya. Sifa za mashine hizi zilipatikana zikiwa mpya. Wewe umerithi sifa pamoja na miaka zaidi ya arobaini ya jua, vumbi na mafundi wa kila namna.

Tuanze na mpira, maana ndio unaodanganya zaidi. Mpira hauchakai kwa kutumika tu, hata kukaa kunauchakaza. Joto, jua na ozoni iliyomo hewani huukausha polepole, ukawa mgumu na kupasuka pale unapojikunja. Tairi inaweza kuwa na meno yote na bado isifae. Itazame ubavuni: utakuta tarakimu nne ndani ya umbo la yai, mbili za kwanza zikitaja wiki na mbili za mwisho mwaka ilipotengenezwa. Ikiandikwa 2318, ilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2018. Ikiwa tairi yako haina tarakimu nne kabisa, ni ya kabla ya mwaka 2000, na hapo sina la kuongeza.

Tairi angalau huonekana. Mpira unaounguza injini za watu ni ule mfupi, mnene, unaounganisha kabureta na silinda. Ukipata ufa, hewa huingia bila kupitia kwenye kabureta, mchanganyiko unapungukiwa petroli, na moto wa ndani ya silinda unakuwa mkali kupita kiasi. Kwenye barabara tambarare hutagundua, labda utasikia tu injini ikichelewa kutulia unapoachia mafuta. Ukianza kupanda mlima mrefu kwa nguvu zote, pistoni inaweza kutoboka. Kipimo chake ni cha bure: injini ikiwa inaunguruma taratibu, nyunyiza maji kidogo kuzunguka mpira huo. Mlio ukibadilika, umeupata ugonjwa. Badilisha pia mpira unaoshusha petroli kutoka kwenye tangi, ni wa bei ndogo na ukipasuka juu ya injini ya moto hautakuuliza kama una haraka.

Kwenye umeme, jua kwanza pikipiki yako ni ya volti ngapi. CG za miaka ya mwanzo na DT nyingi zilikuwa za volti 6. Taa ya wati 30 kwenye volti 12 huvuta ampea 2.5, kwenye volti 6 huvuta ampea 5. Hesabu yake ni kwamba kutu ileile kwenye kiungo kilekile hula umeme mara nne zaidi. Ndiyo maana taa za pikipiki hizi huonekana zimechoka, mwenyewe akanunua balbu mpya na isisaidie chochote. Tafuta mahali waya wa athi unaposhikana na fremu, fungua, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi kuzuia maji. Fanya hivyo kwa kila kiungo unachokifikia. Simu usiichaji kwenye pikipiki ya volti 6. Beba pawa benki.

Taa dhaifu hubadilisha hata ratiba ya safari. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na tembo, twiga na nyati huvuka wanapotaka wao. Kipande hicho kipitie mchana, tangi likiwa na petroli ya kutosha, bila kusimama kupiga picha. Ukichelewa kutoka Dar, lala Morogoro. Kufika Mikumi mjini ni takriban kilomita 300, na kwa mashine ya 125 inayokwenda kilomita 60 kwa saa hiyo ni kazi ya siku nzima ukihesabu maroli, matuta na chai.

Mzigo ndio unaoniletea ubishi. "Fundi, mbona bodaboda hubeba magunia mawili ya mkaa na abiria juu yake?" Hubeba, kweli. Lakini huenda kilomita chache, taratibu, na fundi wa kuchomelea yuko kona inayofuata. Wewe unaenda mamia ya kilomita, na fremu ya zamani hupasuka palepale keria ilipochomelewa. CG yenyewe ina uzito wa takriban kilo 100. Mzigo wako wote wa kambi, pamoja na maji, nisingependa uzidi kilo 20.

Hata hizo 20 zinategemea zimekaa wapi. Chochote kilicho nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma hulinyanyua gurudumu la mbele, kama mtoto mnene anavyomnyanyua mwenzake kwenye bembea ya ubao. Usukani unakuwa mwepesi, na ukifika kilomita 60 kwa saa unaanza kutikisika. Kwa hiyo vitu vizito, yaani spana, maji, mchele na sufuria, viwekwe chini na mbele, kwenye mifuko inayoning'inia karibu na mapaja. Hema na mfuko wa kulalia ni vikubwa kwa umbo ila vyepesi, ndivyo vya kukaa kwenye keria. Mipira iliyokatwa kwenye tyubu ni mizuri kwa vitu vyepesi, lakini hulegea. Vizito vifungwe kwa mikanda. Baada ya kilomita 20 za kwanza simama ukaze upya. Mfuko wa nailoni ukigusa ekzosi huyeyuka, na kwa kawaida utagundua kwa harufu.

Barabara yenyewe ina mitihani miwili. Wa kwanza ni Kitonga, ule mpando kabla ya kufika Ilula. Injini inayopozwa kwa hewa hutegemea mwendo wako ili ipate upepo. Ukikwama nyuma ya roli linalotambaa, hakuna upepo, kuna moshi wake tu. Simama chini ya mlima, kunywa maji, subiri msururu upungue, ndipo upande kwa gia ndogo. Usijaribu kulipita roli kwenye kona ili uokoe injini. Injini huuzwa dukani.

Wa pili ni hewa nyepesi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Kabureta hailijui hilo, huendelea kumimina petroli kana kwamba bado iko Kariakoo. Pikipiki inakuwa nzito, plagi inatoka nyeusi kwa masizi, na msafiri anaanza kutafuta fundi wa kubadili jeti. Usibadili. Ukiweka jeti ndogo ukiwa Njombe, siku mbili baadaye unateremka Kyela hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, chini ya mita 500, na jeti hiyo itainyima injini petroli, tatizo lilelile la mpira uliopasuka. Safisha chujio la hewa, futa plagi, tumia gia ya chini, ukubali kwamba nguvu imepungua.

Upande wa malazi, fika mapema. Mikumi, Iringa na Matema zina maeneo ya kupigia kambi kwa malipo. Kwingineko nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji, misheni au shule, jua likiwa bado juu. "Shikamoo mzee, naomba sehemu ya kuweka hema usiku mmoja" hufungua milango mingi kuliko pesa, na ukiwa Uheheni ukitanguliza "Kamwene" utaulizwa umetoka wapi kabla hujaulizwa kitambulisho. Kujificha porini bila mtu kujua ni kujitafutia mashaka: kijiji kitakuona tu, ila kitakuona kama mtu aliyejificha.

Juni na Julai Njombe na Makete kuna baridi ya kweli. Watu hubeba mablanketi mengi ya kujifunika na kusahau kwamba ardhi ndiyo inayonyonya joto la mwili. Godoro jembamba la povu chini yako lina faida kuliko blanketi la pili juu. Kyela na Matema mambo hugeuka: joto, mbu, kwa hiyo hema liwe na chandarua kisichotoboka. Na Tukuyu, msimu wowote, jiandae kunyeshewa.

Jioni ya kambini ndiyo karakana yako, na inafuata joto la injini. Ukizima tu, cheni ikiwa bado ya moto, ipake oili. Wakati huo hupenya ndani ya viungo, na usiku mzima hutulia humo. Ukipaka asubuhi na kuondoka, nusu yake huishia kwenye suruali. Subiri kidogo, simamisha pikipiki wima, pima oili ya injini. CG hubeba takriban lita moja tu, hivyo robo lita iliyovuja si kitu cha kupuuza. Pitisha spana kwenye nati za ekseli, za injini na za keria. Chini ya stendi weka kipande cha ubao, la sivyo usiku ardhi laini itaimeza na pikipiki itakulalia hemani.

Valvu za CG hupimwa asubuhi, kabla ya kuwasha, chuma kikiwa cha baridi. Hapa mafundi wengi hukosea kwa nia njema: mteja analalamika kelele, wanakaza mpaka kimya. Nafasi inayotakiwa ni ndogo sana, haifiki sehemu ya kumi ya milimita, lakini lazima iwepo. Valvu ya kutolea moshi hupoa inapokaa kwenye kiti chake. Ikikazwa kupita kiasi haikai sawasawa, inaungua. Inayogonga kidogo itakufikisha. Iliyonyamaza ghafla, baada ya kilomita nyingi za kupiga kelele, ndiyo ya kuifungua haraka.

Spea za kubeba hutegemea mashine. Mwenye CG anahitaji tyubu, viraka na solushni, pampu, plagi mbili, kifungo cha cheni, waya kidogo na fyuzi. Waya wa klachi wa akiba uupitishe kabisa sambamba na ule unaotumika, ili ukikatika ubadili ncha tu. Mengine yapo Makambako kwenye duka lolote la spea za bodaboda. Mwenye DT hana bahati hiyo: abebe ringi, gasketi na oili yake mwenyewe.

Tena mwenye DT aikumbuke Kitonga wakati wa kurudi. Akishuka kwa gia huku amefunga mafuta, injini inazunguka kwa kasi ilhali oili inayofika kwenye pistoni ni kidogo mno, kwa kuwa huja kwa kufuata mkono wa mafuta. Kila baada ya muda mfupi afungue mafuta kidogo kisha aachie. Breki za ngoma nazo huchoka zikipata moto, kwa hiyo azitumie kwa vipindi, ya mbele na ya nyuma, badala ya kuzikanyaga mfululizo mpaka chini.

Ikishindikana kabisa, fuso linalorudi tupu litaibeba. Patana bei kabla pikipiki haijapakiwa, funga koki ya petroli, na kamba zipite kwenye shokapu za mbele, si kwenye usukani. Kaa mahali unapoiona.