Gofu Chini ya Mlima Rundle

Wasikilizaji na wasomaji wetu, leo twapenda kuwaeleza habari za mchezo wa gofu. Lakini si gofu ya viwanja vya tambarare, ambayo wengi wenu mmeizoea kuiona. Twawachukua mpaka nchi ya Kanada, katika jimbo la Alberta, penye mji mdogo uitwao Banff, katikati ya milima ya Rocky. Huko kipo kiwanja cha gofu kinachosifiwa sana kwa uzuri wa mahali pake. Lakini shabaha yetu si kusifu uzuri tu. Twataka kuonyesha ya kuwa mlima humdanganya mchezaji, na ya kuwa mtu asiyejifunza kupima kabla ya kupiga atapoteza mipira yake, na pengine atajitia katika hatari iliyo kubwa kuliko kupoteza mpira.

Kwanza tuwaeleze kwa ufupi wale wasioujua mchezo huu. Mchezaji huchukua fimbo zisizozidi 14, na mpira mdogo mgumu ambao uzito wake haufiki gramu 46. Huanza mahali palipotengenezwa paitwapo tii, akaupiga mpira kuelekea uwanda mdogo wa majani mafupi sana uitwao grini, ambamo limechimbwa shimo dogo lenye bendera. Mashimo ni 18, na ashindaye ni yule aliyeyamaliza yote kwa mapigo machache. Njiani huwekwa mabanka, yaani mabonde madogo ya mchanga, kumtaabisha mwenye kukosea.

Fimbo hizo hazifanani. Yenye uso uliosimama huupeleka mpira mbali. Yenye uso uliolala huupandisha juu, ukaanguka karibu. Mchezaji mzuri ajua kila fimbo yake hupeleka mpira yadi ngapi. Kwa hiyo twaweza kusema ya kwamba nusu ya elimu ya gofu ni nguvu na wepesi wa mwili, na nusu ya pili ni elimu ya masafa. Hiyo nusu ya pili ndiyo mlima huichezea.

Sasa tutazame mahali penyewe. Mji wa Banff uko kama futi 4,500 juu ya bahari. Kiwanja kimetandazwa bondeni, kando ya mto Bow, karibu na mahali unapopokea maji ya mto Spray. Upande mmoja wa kiwanja umesimama mlima Rundle, ukuta wa mawe ambao kilele chake kimefika futi 9,600 na zaidi. Chini ya ukuta huo kuna misitu ya misonobari, na ndani ya misitu hiyo zimekatwa njia za majani ya kijani ambazo wachezaji huzifuata.

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Kiwanja hiki hakikuota kama uyoga. Kampuni ya reli ya Canadian Pacific ilijenga hoteli kubwa Banff, ikafunguliwa mwaka 1888, ili abiria wapate sababu ya kushuka garini. Mwaka 1911 yalitengenezwa mashimo 9 ya gofu. Kisha ikaja Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Serikali ya Kanada iliwakamata wahamiaji wengi waliozaliwa katika nchi za adui, na wengi wao walikuwa Waukraini, watu waliokwenda kutafuta kazi tu. Mamia kati yao walizuiliwa katika kambi ya Castle Mountain na Banff tangu mwaka 1915 hadi 1917, wakafanyizwa kazi ya kutengeneza barabara na kufyeka msitu, hata msitu wa kiwanja hiki. Mgeni atazamaye majani mazuri haoni jasho lao, lakini limo.

Baadaye kampuni ilimwita Stanley Thompson, Mkanada aliyezaliwa Toronto mwaka 1893, fundi mashuhuri wa kuchora viwanja vya gofu. Kiwanja alichokichora kilifunguliwa mwaka 1928. Mawe yalipasuliwa kwa baruti, na udongo mzuri ukaletwa kwa magari ya reli. Husemekana ya kuwa hakuna kiwanja kilichotangulia duniani kugharimu zaidi ya dola milioni 1. Mwaka 1989 yaliongezwa mashimo 9 mengine na nyumba mpya ya wachezaji, na mpango wa kuanzia mchezo ukabadilishwa. Lakini kazi ya Thompson ndiyo inayowavuta wageni.

Tueleze basi udanganyifu wa kwanza wa mlima, nao ni wa hewa. Hewa ina uzito, ingawa hatuuoni. Kadiri mtu apandavyo juu, ndivyo hewa ipunguavyo. Kwa kimo cha futi 4,500 nguvu ya hewa ni kama sehemu 85 tu katika 100 za ile ya pwani. Jambo hili si geni kwetu. Mama apikaye maharagwe Nairobi hutumia kuni nyingi kuliko dada yake apikaye Mombasa, kwa sababu huko juu hewa hailemei maji sana, nayo huchemka kabla ya kufika digrii 100. Chungu chatokota kwa kelele, lakini moto uliomo ndani yake ni mdogo.

Hewa hiyo nyepesi haiuzuii mpira kama hewa nzito ya pwani, na kwa hiyo mpira huenda mbali zaidi. Kanuni inayotumika ni hii: kwa kila futi 1,000 za kimo, mpira huongeza mwendo wake kwa sehemu 1 katika 100, na zaidi kidogo. Pigo la yadi 200 lililopigwa kando ya bahari litakuwa kama yadi 210 huko Banff. Yadi 10 si kitu kwa msafiri, lakini kwa mchezaji ni tofauti ya kukaa juu ya grini na kutumbukia mchangani nyuma yake.

Tena kuna jambo la pili katika hewa, nalo wengi hawalifikiri. Mpira wa gofu una vishimo vidogo mia kadhaa usoni pake, nao upigwapo huzunguka kurudi nyuma huku ukienda mbele. Mzunguko huo, pamoja na vishimo hivyo, huifanya hewa iuinue mpira. Hewa ikiwa nyepesi, huuinua kidogo. Basi mpira wa mlimani husafiri chini zaidi, na ukianguka hukimbia, wala hausimami upesi kama mchezaji alivyotazamia. Pia ukipigwa vibaya haupindi sana kushoto wala kulia. Na huo ni msaada kwa wanafunzi. Lakini asubuhi na mapema, baridi ikiwa kali, hewa huwa nzito kidogo na mpira wenyewe huwa mgumu, ukapoteza sehemu ya faida ile. Mlima hutoa kwa mkono wa kuume, ukanyang'anya kwa mkono wa kushoto.

Udanganyifu mwingine ni wa macho. Jicho la mtu halina kipimo cha yadi ndani yake. Hupima umbali kwa kulinganisha kitu na kitu: mtu na mti, mti na nyumba. Katika nchi ya tambarare mchezaji huona bendera, huona mtu aliyesimama karibu nayo, akakisia vizuri. Lakini chini ya Rundle nyuma ya bendera hakuna mtu wala nyumba. Kuna ukuta wa mawe uliopanda futi 5,000 hivi juu ya kiwanja. Hewa ni safi na kavu, hata nyufa za mwamba zaonekana. Mlima waonekana kama ungeweza kuugusa, na bendera iliyo mbele yake nayo yaonekana karibu. Mchezaji huchagua fimbo ndogo, na mpira waanguka kabla ya kufika.

Hata mteremko wa ardhi hugeuzwa na macho. Akiwa juu ya grini, mchezaji ausukuma mpira polepole kuelekea shimoni, naye lazima ajue ardhi yateremkia wapi. Nyuma yake mteremko mkubwa wa mlima umelijaza jicho, na mteremko mdogo ulio miguuni pake haujulikani tena. Penye kuinama aona pamenyooka. Penye kunyooka aona pameinuka. Wazoefu wana shauri moja: ukiwa na shaka, amini ya kuwa mpira utauacha mlima na kuuelekea mto, kwa maana huko ndiko maji yote ya bonde yaendako.

Thompson alizijua hila hizi. Aliona ya kuwa banka dogo la kawaida lingeonekana kama kisahani mbele ya milima ile. Basi alitengeneza mabanka makubwa, yenye kingo za mapindi na ncha zinazofanana na vilele vya nyuma yake, ili kazi ya mkono wa mtu isimezwe na kazi ya Mungu.

Shimo linalosifiwa kuliko yote ni lile liitwalo Chungu cha Shetani. Inasimuliwa ya kuwa mwaka 1927 Thompson aliona ziwa dogo lililofanyizwa na maporomoko ya mlima, akaubadilisha mchoro wake ili wachezaji wavushe mipira yao juu ya ziwa hilo. Tii iko juu. Ziwa liko chini. Ng'ambo yake ipo grini iliyozungukwa na mabanka, na ukuta wa Rundle umeifunika kwa kivuli. Pigo lenyewe halifiki yadi 200.

Tufanye hesabu pamoja na mchezaji asimamaye hapo. Tuseme kipimo kilichoandikwa ni yadi 190. Kwanza apunguze kama yadi 9 kwa ajili ya wepesi wa hewa. Kisha apunguze tena kwa sababu grini iko chini yake, na mpira utakuwa na muda mrefu zaidi wa kusafiri kabla ya kugusa ardhi. Asubuhi ya baridi, aongeze kidogo. Halafu atazame upepo. Lakini asiutazame penye bendera tu, maana bendera imekingwa na mlima. Atazame ncha za misonobari, ndizo zijuazo upepo utakaoushika mpira ukiwa juu. Baada ya hayo yote achague fimbo, asibadilishe shauri. Wengi huhesabu vizuri, kisha hulitazama ziwa, wakaingiwa na hofu, wakapiga kwa nguvu kupita kiasi. Mpira wao huangukia nyuma, na hesabu yao njema haikuwafaa kitu.

Tumetaja hatari, nasi sharti tuieleze. Banff ni hifadhi ya wanyama tangu mwaka 1885, na kiwanja kimo ndani ya hifadhi. Yuko mnyama aitwaye elk, jamii ya kulungu lakini mkubwa kama farasi, na dume lake lina pembe zenye matawi mengi. Wanyama hao huja kulisha majani matamu ya kiwanja, wakalala hata juu ya grini. Huonekana wapole kama ng'ombe wa nyumbani. Huo ndio udanganyifu wa tatu. Mwisho wa Mei na mwezi wa Juni majike huwa na watoto, nao hupiga kwa kwato mtu akaribiaye. Septemba madume hupigania majike, nayo hushambulia bila kuonya. Amri ya watunzaji wa hifadhi ni kukaa mbali nao mita 30. Na dubu akionekana, mita 100. Basi mpira ukisimama karibu na elk, mpira huo ni wake. Mchezaji mwenye busara huuacha akaendelea na safari yake, maana mnyama hakuja kwake. Yeye ndiye aliyekwenda kwa mnyama.

Labda msikilizaji mmoja atauliza: haya yatufaa nini sisi tulio mbali na Kanada? Yatufaa sana. Nairobi, ambako gofu imechezwa tangu mwaka 1906, iko kama futi 5,500 juu ya bahari. Ni juu kuliko Banff! Lakini kwa kuwa hatuoni ukuta wa mawe mbele yetu, twasahau ya kuwa tuko mlimani. Mchezaji wa Mombasa apandaye Nairobi hushangaa kuona pigo lake la yadi 200 limepita 210, akadhani amepata nguvu mpya. Mwenzake ashukaye pwani huona mipira yake yaanguka mapema, akazilaumu fimbo, au akamlaumu kedi aliyemchagulia. Fimbo hazina kosa, wala kedi hana kosa. Hewa imebadilika, na mchezaji hakuibadilisha hesabu yake.

Kwa hiyo twawashauri wachezaji wetu: kila mfikapo kiwanja kigeni, ulizeni kimo chake kabla ya kuuliza uzuri wake. Pigeni mipira michache ya majaribio, mpime kwa hatua zenu imekwenda yadi ngapi, na sikilizeni maneno ya kedi wa mahali pale, maana yeye ameona mipira elfu ikianguka pale mnapoona majani matupu. Mkisha kupima, tazameni milima kwa furaha. Haitaweza tena kuwadanganya.