Wikipedia inaandikwa na nani, na sisi tuko wapi ndani?

Wengi wetu tuliopita iniversite tumefungua Wikipedia usiku wa mwisho kabla ya kutoa TP. Maprofesa wanatukataza kuitaja ndani ya memwari, na bado hatuiachi. Lakini ukiuliza ni nani anaiandika, wengi watajibu: «Ni Google», ama «ni wazungu fulani wa Marekani». Si hivyo. Naomba tuelezane kidogo namna ile kitu inatengenezwa, juu jibu linatuhusu na sisi.

Mwaka 2000, Mmarekani Jimmy Wales alitaka kuweka ensiklopedia ya bure kwenye intaneti. Alimwajiri Larry Sanger, mtu aliyesoma filozofia, wakaanzisha Nupedia. Kule makala iliandikwa na mtaalamu, kisha ikapita hatua saba za ukaguzi. Kazi ilikuwa safi, lakini ya mwendo wa konokono: mwaka wa kwanza makala zilizokamilika hazikufika hata 30. Ndipo wakachukua njia ya wiki, yaani kurasa ambazo msomaji mwenyewe anaweza kuzibadilisha palepale. Njia hiyo ilibuniwa na Ward Cunningham mwaka 1995. Jina alilitoa kwa basi za uwanja wa ndege wa Honolulu. Kwa lugha ya Hawaii, «wiki» maana yake ni haraka. Wikipedia ilifunguliwa tarehe 15 Januari 2001, na leo ile ya Kiingereza peke yake imepita makala milioni 6.

Tangu 2003 kuna shirika linaloitwa Wikimedia Foundation. Hilo linalipia mashine, linaajiri mafundi na kupokea michango, lakini makala haliandiki. Wanaoandika ni watu wa kujitolea, wasiolipwa hata franka moja kwa kazi hiyo.

Sasa utauliza: kama kila mtu anaweza kuandika, nani anazuia uongo? Kila makala iko na historia yake. Ukibadilisha neno moja tu, badiliko linahifadhiwa pamoja na tarehe, saa na jina la mtumiaji. Mtu akiharibu, mwingine anarudisha kama ilivyokuwa kwa kubonyeza mara moja. Kando ya kila makala kuna ukurasa wa majadiliano, mahali waandishi wanabishana. Na kuna kanuni tatu zinazobeba nyumba nzima: usiegemee upande, kila unachosema kiwe na chanzo kilichochapishwa, usilete uvumbuzi wako mwenyewe ambao haujachapishwa popote.

Je, inatosha? Mwaka 2005 gazeti la sayansi Nature lililinganisha makala 42 za sayansi za Wikipedia na za Encyclopaedia Britannica. Walipata wastani wa makosa 4 kwa kila makala ya Wikipedia, na 3 kwa Britannica. Britannica walipinga sana namna hesabu ilifanywa. Lakini mwaka huohuo, mtu mmoja alikuwa ameandika kwa utani kwamba mwanahabari John Seigenthaler aliwahi kushukiwa katika kifo cha rais Kennedy. Uongo mtupu, na ulikaa pale miezi kama minne bila mtu kuuona. Hapo njo siri yote iko: makala inalindwa na macho ya watu. Pahali macho ni mengi, uongo hauishi siku nyingi. Pahali macho ni machache, unaweza kulala na kuamka.

Njo maana lugha zetu ziko na shida. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003. Mwaka 2009 Google iliandaa mashindano, na wanafunzi wa Kenya na Tanzania wakaandika makala kwa ajili ya zawadi. Leo ziko makala maelfu mengi, lakini nyingi ni fupi, mistari miwili mitatu, na wanaozichunga ni wachache. Ya Lingala ni ndogo zaidi.

Mtu asiseme kwamba hilo halina hatari. Angalia lugha ya Scots, ya kule Scotland. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba kijana mmoja Mmarekani, asiyejua ile lugha, alikuwa ameandika ndani ya Wikipedia yake makumi ya maelfu ya makala kwa Kiingereza kilichopindwapindwa. Alianza akiwa mtoto, na wala hakuwa na nia mbaya. Miaka ilipita na hakuna aliyemsimamisha, juu wenye lugha hawakuwa pale. Shamba ukiliacha, si kwamba halitaota kitu. Litaota, lakini si kile ulichotaka.

Nichukue mfano wa kazi yangu. Mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria ulionekana Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukaenea Kivu yote. Namna ya kupambana nao inajulikana: kata ua la dume kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, panga lipitishe kwenye moto ama kwenye maji ya javel kabla ya kuhamia mgomba mwingine, shina likiugua, litoe mapema. Maneno matatu ya kuokoa shamba la mama mmoja kule Walungu ama Rutshuru. Lakini maandishi mengi yenye kina juu ya ugonjwa huu yako kwa Kiingereza na Kifaransa, ndani ya majarida ambayo yule mama hatayafungua hata siku moja. Mtoto wake aliye na simu anaweza kutafuta kwa Kiswahili. Atakuta nini? Hiyo inategemea sisi.

Kuna na ugumu mwingine, tusiufiche. Kanuni ya chanzo inatubana. Mzee anayejua kwamba aina fulani ya muhogo inavumilia mozaiki ako na elimu ya kweli, lakini haijachapishwa, kwa hiyo haiingii. Memwari zetu zenyewe zinalala ndani ya kabati za fakilte, hazisomwi na mtu. Wikipedia haiwezi kutengeneza pengo hilo. Ni sisi wa kuchapisha kwanza: katika majarida ya iniversite, katika ripoti za vituo kama INERA Mulungu, kwa majina ya mahali na ya mbegu. Elimu ikiisha kuandikwa, mlango unafunguka.

Kwa anayetaka kuanza, usianze na makala nzima. Fungua ile ya mmea unaoujua vizuri, uangalie kosa moja, ulitengeneze, uweke chanzo. Fungua akaunti, juu hapo wengine wanaweza kukuandikia na kukushauri. Usinakili kitabu cha mtu neno kwa neno. Itafutwa, na ni haki. Ukitafsiri makala toka Wikipedia ya Kifaransa, unaruhusiwa, leseni yake ni huru, mradi useme umeitoa wapi.

Na kwa wenye shida ya mega: kuna programu inayoitwa Kiwix. Unapakua Wikipedia mara moja pahali kuna rezo nzuri, kisha unaisoma bila intaneti kabisa. Mtu mmoja akiwa nayo ndani ya simu, anaweza kuwapa wengine faili kwa kadi ya memori. Shule ya kijiji isiyo na laibrari inaweza kupata ensiklopedia kwa njia hiyo. Lakini faili la Kiswahili litakuwa zito ama jepesi kufuatana na kile ambacho wenye Kiswahili wameweka ndani.

Sisi ni wengi hapa: wa agronomia, wa sheria, wa udaktari, wa jeolojia. Kila mmoja aandike chini ya hapa makala moja anayoweza kutengeneza mwezi huu. Mimi nachukua mnyauko wa migomba. Nani anachukua muhogo?