Amri ya muda si pesa mkononi

Hebu fikiria hivi. Umepata tenda ya kuleta mchanga na kokoto kwa mjengo wa ghorofa huko Kitengela. LPO iko, mkataba umetiwa saini, malori ya kukodi umeshayalipia. Miezi miwili baadaye mwanakandarasi bado anakwambia malipo yako "yanashughulikiwa". Siku moja unapita saiti, unaona lori la mtu mwingine likimwaga mchanga. Damu inachemka. Wakili anakwambia twende Milimani tukachukue amri ya muda.

Poa, lakini elewa unachukua nini.

Ukienda na cheti cha dharura, jaji anaweza kutoa zuio kabla hata hajamsikiliza mwenzako. Hapo ndipo wengi huanza kusherehekea kwenye WhatsApp. Tulia. Kanuni za kesi za madai za 2010, Agizo la 40, zinasema zuio la aina hiyo halipiti siku 14, na likiongezwa, ni mara moja tu. Tena una siku 3 za kumfikishia mwenzako amri hiyo pamoja na stakabadhi za kesi. Ukizembea, zuio linakufa lenyewe. Wakili umelipa, na mchanga wa yule jamaa unaendelea kumwagwa.

Pande zote zikifika, jaji hutumia kipimo cha kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973. Je, kesi yako ina dalili za kushinda? Utaumia kwa namna ambayo fidia haiwezi kutibu? Akibaki na shaka, anapima nani ataumia zaidi. Hilo swali la pili ndilo huwamaliza watu wa mchanga. Unadai nini? Pesa. Hasara yako unaweza kuihesabu hadi shilingi ya mwisho, sasa mbona asimamishe mjengo mzima ilhali ukishinda utalipwa? Mimi naona ni swali la haki, ingawa linauma ukiwa na deni la malori.

Kuna mlango mwingine, Agizo la 39. Ukionyesha kwamba mdaiwa anauza au kuficha mali ili ukishinda usipate kitu, korti inaweza kumwagiza aweke dhamana, la sivyo mali yake ishikwe kabla ya hukumu. Lakini lete ushahidi. Udaku wa vijana wa saiti hautoshi.

Deni likiwa halizidi Sh1 milioni, mimi ningeachana na zuio niende Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ya 2016 inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kujitetea bila wakili. Beba LPO, ankara na zile karatasi za kupokea mzigo. Kuna zingine karani wa saiti hakutia saini? Mtafute leo, kabla hajasikia unaenda kortini.