Simbu alishinda kwa sekunde 0.03, waulize waliowahi kukimbia kilomita 30

SINGIDA. Septemba 2025 mkoa huu ulisherehekea mara mbili. Singida Black Stars waliichapa Al Hilal ya Sudan 2-1 na kubeba Kombe la Kagame jijini Dar es Salaam. Na Jumatatu ya Septemba 15, kule Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huu, akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu ya Mashindano ya Dunia ya Riadha.

Mimi ni mtu wa mpira. Habari za Kagame nitakusimulia mpaka kona zilizopigwa. Marathoni ya Tokyo ilipokimbiwa, huku kwetu ulikuwa usiku wa manane na nilikuwa nimelala fofofo. Nikaja kuona kwenye simu asubuhi, tena mita 100 za mwisho tu, kama nyinyi wengi.

Kile kipande ni kitamu, bwana. Wanaume watatu wanaingia uwanjani wakiwa wamezunguka jiji zima kwa zaidi ya saa mbili kwenye joto: Simbu, Mjerumani Amanal Petros na Muitaliano Iliass Aouani. Petros anachomoka, mstari huo hapo mbele yake. Simbu anatokea ubavuni. Petros anajirusha, anaanguka. Wote wawili wanaandikiwa saa 2:09:48, mpaka picha ya kwenye mstari ndiyo inaamua kwamba Mtanzania ametangulia kwa sekunde 0.03. Kwa lugha yetu hilo ni bao la dakika za nyongeza, VAR imelipitia na kulikubali.

Lakini swali lilinikaa kichwani wiki nzima. Miguu iliyokwishakimbia kilomita 42 inaitoa wapi spidi ile?

Maana sekunde zimewahi kutuliza sana. Boston 1988, Juma Ikangaa alishika nafasi ya pili nyuma ya Mkenya Ibrahim Hussein, tofauti sekunde moja. London 2017, Simbu mwenyewe alipata shaba ya dunia kwa saa 2:09:51, na fedha ikaenda kwa Muethiopia Tamirat Tola aliyemtangulia kwa sekunde mbili. Baada ya hapo akawa wa saba kwenye Olimpiki ya Tokyo, wa 17 kule Paris 2024, halafu wa pili Boston Aprili 2025. Alipoikamata dhahabu alikuwa na miaka 33, umri ambao beki wa Ligi Kuu tayari mashabiki wameshaanza kumuuliza anastaafu lini.

Wanaojua mbio wanasema spidi ile haitengenezwi uwanjani. Inatengenezwa kwenye mbio ndefu za mazoezi, ile siku moja ya wiki ambayo mkimbiaji anakwenda kilomita 30 au zaidi, taratibu kuliko mwendo wa mashindano, bila kamera wala jezi mpya. Sababu iko ndani ya mwili. Sukari inayohifadhiwa kwenye misuli na ini inaelekea kwisha karibu na kilomita ya 30, na hapo ndipo watu wanasema wamegonga ukuta. Mbio ndefu zinaufundisha mwili kuchoma mafuta mapema na kuibana sukari, ili kilomita ya mwisho ikifika kitu kiwepo. Mchezaji wa mpira anakimbia kilomita 10 mpaka 12 kwa mechi. Marathoni ni kama mechi nne mfululizo, hakuna mapumziko, hakuna sub, na ukiumwa msuli hakuna wa kuja na machela upoteze muda.

Nikasema ngoja nijaribu mwenyewe. Jumapili moja nilitoka Singida mjini saa 11 na nusu alfajiri, kushika barabara ya kuelekea Ikungi, mpango ukiwa kilomita 28. Singida mjini iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo pumzi inadaiwa tangu mwanzo. Kumi za kwanza nilijiona Simbu kabisa. Kuna ubaridi, alizeti pembeni, watoto wanakuita jina hilo hilo wakicheka.

Kisha ukaja upepo. Asiyeujua upepo wa Singida asidanganyike kwamba ni kitu cha kupooza jasho. Ukija usoni unakusukuma kama beki aliyekukaba tangu dakika ya kwanza. Halafu malori. Barabara hii inabeba mizigo ya Mwanza, Rwanda na Burundi, na lori likikupita unabaki unatafuna vumbi. Nilikuwa nakimbia upande wa kulia ili niyaone yanakuja, na kila mara nashuka kwenye changarawe. Kifundo cha mguu kikaanza kulalamika.

Kosa langu kubwa lilikuwa maji. Wanaojua tizi hili huficha chupa kwenye kichaka jioni yake, au humwomba mwenye bodaboda atangulie nazo. Mimi nilibeba moja mkononi, ikaisha kilomita ya 13. Lingine naona aibu kuliandika: sikupaka mafuta ya mgando mapajani. Jasho na bukta vilifanya kazi yao, na kuoga jioni ile kulikuwa adhabu tosha.

Kilomita ya 20, saa mbili asubuhi imepita, jua limekaa kichwani, hakuna kivuli. Sikuwa nahema sana. Miguu tu ilikataa, kama ya mtu mwingine. Ajabu ni kwamba kilichonimaliza kabisa ni ukimya. Mpira una wenzako, una kelele, hata wa kukuzomea yupo. Huku unabaki na kichwa chako, nacho kinarudia neno moja: simama.

Kilomita ya 23 nilisimama. Nikakaa kwenye jiwe nikatoa simu, nikaangalia tena kile kipande cha Tokyo, safari hii nikitazama magoti ya Simbu tu anavyoyanyanyua, na nyuma yake kuna kilomita 42. Bodaboda ikanirudisha mjini.

Jumapili ijayo narudi barabara ile ile. Chupa mbili nitazificha ikiwa bado Jumamosi, na mafuta ya mgando nimeshanunua.