Kamukuzi: Kilima cha Ngoma



Mwezi huu tunapanda kilima cha Kamukuzi, pale Mbarara. Wengi wetu tunakijua juu juu tu. Mtu ametoka Nakivale alfajiri, kilomita kama 60, anawaza karatasi za hospitali au bei za sokoni, kilima hana habari nacho. Lakini watoto wetu wamezaliwa hapa, na shuleni wanasikia habari za Ankole. Ni vizuri wakiuliza nyumbani wapate jibu.

Mbarara ilipata jina kutokana na majani yaitwayo emburara, ambayo ng'ombe wanayapenda sana. Zamani ufalme huu uliitwa Nkore, na makao ya mfalme, yaani Omugabe, yalikuwa yanahamahama. Walipoingia Waingereza, na mkataba wa Ankole ukawekwa mwaka 1901, mambo yakatulia mahali pamoja. Omugabe Kahaya II, aliyetawala toka 1895 mpaka 1944, alikuwa na jumba lake Kamukuzi, na baada yake Gasiyonga II. Tena Nakivale ilianza wakati wa huyo Gasiyonga: ndugu zetu wa Rwanda walipofika mwishoni mwa miaka ya 1950, Uganda yenyewe ilikuwa haijapata uhuru.

Sasa tuje kwenye ngoma. Inaitwa Bagyendanwa. Wazee wa Ankole wanasema iliachwa na Wamara, mfalme wa mwisho wa Bacwezi, wale watu wa ajabu waliotoweka wasionekane tena. Akamwachia mwanawe Ruhinda, na huyo ndiye chanzo cha ukoo wa wafalme wa Nkore. Warundi mnaosoma hapa mtakumbuka Karyenda, na Wanyarwanda Kalinga. Basi ni mambo ya jamaa moja. Ngoma hiyo ilikuwa na nyumba yake, na kila siku iliwekewa maziwa. Tena ilikuwa na ng'ombe wake! Watu waliitolea sadaka, na mtu aliyefilisika, awe mfugaji Muhima au mkulima Mwiru, aliweza kwenda mbele yake na kusaidiwa kutoka kundi hilo. Habari hiyo waliiandika watafiti waliofika Ankole miaka ya 1930. Sisi imetugusa kuliko hadithi zote, maana tunajua maana ya kufika mahali mikono mitupu.

Hadithi nyingine iko karibu nasi zaidi. Ilisemwa kwamba Omugabe hafi kama watu wengine. Mwili wake ulipelekwa pori takatifu la Ishanze, upande wa Isingiro, wilaya yetu hii hii, na huko roho yake ikaingia kwa simba. Ndiyo sababu simba wa pori lile hawakuguswa.

Kuna na hadithi ya maziwa, na hapa tuliposoma rasimu hatukuelewana sisi kwa sisi. Ruhanga, Muumba, aliwapa vijana watatu vyungu vya maziwa wavishike usiku kucha. Asubuhi chungu cha Kakama kimejaa, cha Kahima kimefika nusu, cha Kairu kitupu. Basi Kakama akawa mtawala, Kahima akapewa ng'ombe, Kairu akapewa jembe. Ndugu wa Rwanda, si mnaifahamu? Huko majina ni Gatutsi, Gahutu na Gatwa. Mmoja wetu alisema tuiache kabisa, imeshaumiza watu wa kutosha. Tumeiandika kwa sababu mtoto ataisikia kwingine, na afadhali aisikie kwa mama yake, ambaye atamwambia pia kwamba hadithi hii iliwafaa wale waliokuwa tayari wameshika chungu kilichojaa.

Maana hata Ankole jambo hilo halijaisha. Mwaka 1967 serikali ya Obote ilifuta falme zote, jumba la Kamukuzi na ngoma vikatoka mikononi mwa mfalme. Mwaka 1971 wazee wa Ankole walimwambia Idi Amin kwamba hawataki ufalme urudi. Kuanzia mwaka 1993 Buganda, Bunyoro na Toro walirudishiwa wafalme wao. Ankole nao, mwezi wa Novemba mwaka huo, John Barigye, mtoto wa Gasiyonga, akavikwa taji, lakini serikali ikakataa kumtambua. Wengine walifurahi, wengine walikasirika, na mara nyingi ilitegemea mtu babu yake alikuwa nani. Barigye alifariki 2011 bila kutambuliwa.

Kahaya na Gasiyonga hawakupelekwa Ishanze. Wamezikwa Nkokonjeru, nje kidogo ya mji wa Mbarara. Mwenye safari ya mjini na nafasi kidogo, apite na watoto.