Wasiwasi Uliozidi: Hatua Nne za Kuupunguza

Mkazi wa Isiolo ana sababu za kuwaza. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo na familia nyingi zikapoteza mifugo. Kabla hazijajikwamua, mvua kubwa za mwishoni mwa 2023 zikaleta mafuriko. Kuwaza kuhusu malisho, karo au deni la duka si ugonjwa. Wasiwasi wa kiasi ndio unaomfanya mfugaji ahamishe mifugo mapema, na mzazi aweke akiba.

Shida huanza wasiwasi unapokuja karibu kila siku kwa miezi kadhaa, ukiruka kutoka jambo moja hadi lingine, na mhusika hawezi kuuzuia. Usingizi hupotea, misuli hukaza, moyo huenda mbio, na mtu huwa mwepesi wa hasira. Wengine hufika zahanati wakilalamikia kichwa au tumbo pekee. Mitaani husemwa kwamba mtu huyo "ana mawazo". Huu ni ugonjwa unaojulikana na unatibika. Si laana, wala si upungufu wa imani.

Sehemu kubwa ya tiba yake ni mazoezi ambayo mtu yeyote anaweza kujifunza. Mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa vikao vitano vinavyoweza kuendeshwa na watu wasio madaktari, mradi wamepata mafunzo na usimamizi. Ulijaribiwa jijini Nairobi miongoni mwa wanawake, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, na waliowahudumia walikuwa wahudumu wa afya ya jamii. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kwamba dhiki ya mawazo ilipungua zaidi kwa waliohudhuria vikao hivyo kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Hatua ya kwanza, ya tatu na ya nne hapa chini zinafanana na mafunzo ya mwongozo huo.

1. Tenganisha mawazo yako. Kwa kila wazo jiulize: je, kuna jambo ninaloweza kufanya? "Karo ya muhula ujao" lina kazi ndani yake: kuzungumza na mwalimu mkuu, kuomba msaada wa basari, kuuza mbuzi mmoja kabla bei haijashuka. Chagua hatua moja ndogo na uipangie siku. "Je, mvua ikikosa tena?" halina kazi ya kufanywa usiku wa manane. Wazo la aina hii lipeleke hatua ya pili.

2. Tenga muda wa kuwaza. Mbinu hii ilifanyiwa utafiti na mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake nchini Marekani mwaka 1983. Chagua nusu saa ile ile kila siku, mahali pale pale, kwa mfano baada ya Alasiri, lakini si karibu na wakati wa kulala. Wazo likija mapema, usipigane nalo. Liandike, au lirekodi kwa simu, kisha uliahirishe hadi saa yake. Muda ukifika, mengi huwa yamepoteza nguvu. Nusu saa ikiisha, simama uendelee na kazi.

3. Tuliza pumzi. Mtu mwenye hofu hupumua haraka kwa kifua, na mwili huchukulia kwamba hatari imefika. Keti, legeza mabega na uweke mkono tumboni. Vuta pumzi taratibu ukihesabu hadi 3, tumbo lijae, kisha uitoe ukihesabu hadi 3. Endelea kwa dakika chache. Jizoeze ukiwa umetulia, ili mwili uwe umezoea siku ya shida.

4. Rudi kwenye shughuli na kwa watu. Wasiwasi humshawishi mtu akwepe soko, chama, msikiti au kanisa. Kukwepa huleta nafuu ya muda mfupi, lakini hofu hukua. Anza na jambo dogo: kumtembelea jirani, kwenda kisimani na wenzako. Mweleze mmoja unayemwamini yaliyo moyoni.

Punguza pia miraa na chai ya rangi nzito, hasa jioni. Vyote viwili huchangamsha mwili, huongeza mapigo ya moyo na kufukuza usingizi.

Hatua hizi huhitaji wiki kadhaa za kurudiarudia. Ikiwa bado huwezi kulala, kula au kufanya kazi, usingoje. Mweleze mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako, au fika kituo cha afya kilicho karibu, ambako unaweza kuelekezwa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Isiolo. Dua na ushauri wa wazee vinaweza kwenda pamoja na matibabu.

Anayewaza kujidhuru asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali mara moja. Asizuiwe na hofu ya kushtakiwa: Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinakiuka Katiba. Ushauri wa bure hupatikana pia kwa simu kupitia Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, nambari 1199.