Paa la kibanda kwenye simu ya Kisauni

Kundi letu la WhatsApp la harusi, hapa Kisauni, lilikuwa kimya mpaka shangazi yake bwana harusi alipotuma orodha ya nyimbo za usiku wa vugo, ngoma ya wanawake ya harusini. Mbele ya wimbo wa tatu palikaa kialama cha manjano, 〽️, kama M iliyolemewa upande mmoja. "Shangazi, unga umepanda tena?" akauliza mmoja. Mwengine akadhani ni tangazo la chipsi. Shangazi akajitetea: kidole kimeteleza.

Kimeteleza mahali pake. Alama hiyo ni ya waimbaji. Wajapani huiita ioriten: iori ni kibanda, ten ni alama, na ukiitazama vizuri utaliona paa lake. Inapatikana katika vitabu vya utai, maneno yanayoimbwa kwenye tamthilia za Noh, sanaa iliyokomaa tangu karne ya 14. Huwekwa mwanzo wa kifungu kumwambia msomaji kwamba hapa ndipo wimbo unapoanza, au zamu inapohama: kutoka kwa shite, mhusika mkuu, kwenda kwa waki anayemkabili, au kwa jiutai, waitikiaji ambao kwa kawaida ni 8. Mwaka 2002 iliingizwa katika Unicode, orodha inayoipa kila herufi namba yake ili simu zielewane, na kufikia 2015 ikawa imehesabiwa miongoni mwa emoji. Maana yake ikabaki Japani.

Kwetu zamu husikika tu. Huko Likoni, kwenye ngoma ya sengenya ya Wadigo, zumari hulia na wapiga ngoma wakajua la kufanya. Daftari la shangazi nimeliona: jalada limevishwa nailoni, kurasa zina madoa ya mafuta ya bajia, na kila penye kiitikio amepiga kistari cha biro nyekundu. Hicho ndicho kibanda chake.

Kinachonichekesha ni kwamba muziki wa Japani ulitufikia zamani, kabla ya simu hizi. Taishokoto, ala ya nyuzi yenye vitufe kama vya taipureta, ilibuniwa na Morita Goro mjini Nagoya mwaka 1912, mwaka ulioanza enzi ya Taisho iliyoipa jina. Ikapendwa sana India, ikaingia na taarabu ya Mombasa, na katika nyimbo za mwimbaji Zuhura Swaleh mlio wake mkali ndio unaomtambulisha kabla hajafungua kinywa. Watu walitunza na kucheza, hakuna aliyeuliza ilikotoka.

Nilipomweleza shangazi habari za ioriten, alicheka, akasema, "Basi usinifutie, mwanangu. Iache papo hapo, mbele ya wimbo."

Usiku wa vugo simu yake ilikaa mkobani. Alipiga pembe mara mbili, akainua kidevu, na wanawake wakamdaka kabla ubeti haujesha.